Beseni la Chokaa Mlangoni kwa Nesi

Uwanja wa Nesi ulikuwa na nyayo nyeupe. Alikuwa anaufagia kila asubuhi kabla jua halijatufikia sisi wa bondeni huku Ipogolo, na ikifika jioni, ukitazama chini, unajua nani kaingia kwenye banda lake la kuku siku hiyo na nani kaishia jikoni. Mlangoni mwa banda lilikaa beseni la bluu, ndani yake gunia lililolowa maji ya chokaa. Unakanyaga mguu wa kulia, unakanyaga wa kushoto, ndipo unaingia. Ukitoka unakanyaga tena. Mchungaji alikanyaga. Mwenyekiti wa mtaa alikanyaga na viatu vyake vya ngozi, huku analalamika. Mimi peke yangu sikukanyaga. Nilikuwa naliruka. Mungu alinipa miguu mirefu, na mimi nikaitumia kwa ujinga.

Mtaa mzima tulimwita Nesi. Hakuwa nesi. Alikuwa amestaafu kazi ya usafi hospitalini, na hakulificha hilo hata siku moja. Mtu akimwita, "Nesi!" yeye anajibu kwanza, "Mimi nilikuwa napiga deki," halafu ndiyo anaitika, "Abee." Kila mara. Hata kwa mtoto mdogo aliyetumwa chumvi. Alikozaliwa na ukoo wake sitaandika, maana sikuwahi kumuuliza, na hata ningejua visingeongeza kitu. Mtu yule alionekana mzima kwenye namna alivyoshika fagio.

Na mimi nijitaje kidogo. Nina darasa la tatu. Nilianza kwa kupakia mbao Mafinga, begani, nimeweka gunia lililokunjwa ili ngozi isichubuke. Leo nina uwanja wangu wa mbao hapa barabarani, na malori yanayopanda kwenda mjini na yanayoelekea Mbeya yanasimama kwangu. Sikurithi hata msumari. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini ilikuwa vigumu kwangu kufundishwa kujenga kibanda cha kuku na mama aliyezeekea kwenye ndoo na tambara.

Siku ya kwanza kumjua alikuja kununua mbao. Watu wengine wakija kununua mbao wanauliza bei. Yeye alizinusa. Aliinua moja moja, akainusa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akaigeuza, akaiweka chini. Vijana wangu walianza kucheka. Nikamwendea.

"Mama, unatafuta mbao au unatafuta mahindi ya kuchoma?"

"Hii ina dawa," akasema.

"Za dawa ndizo nzuri. Haziozi, mchwa hagusi."

"Mchwa hagusi, kuku anagusa. Kuku anadonoa ukuta, Mzee wa Mbao. Wewe kwako unadonoa ukuta?"

Nikasema hapana.

"Basi wewe nunua za dawa. Mimi nipe zisizo na kitu."

Hapo ndipo nilipopata jina, na sijawahi kuitwa vingine naye. Alimaliza asubuhi nzima. Alichukua mbao kumi na moja za paini, akaacha hamsini zimepinduliwa. Nguzo alitaka za mlingoti, ule mkaratusi, zilizonyooka, na alipofika kwake hakuzipaka oili chafu ya gari kama tunavyofanya sisi wote. Alizichoma ncha kwenye moto mpaka zikawa nyeusi kama mkaa, ndipo akazifukia. Nilimwambia oili ni bora. Akaniambia nipake oili kwenye fito zangu za kulalia kuku halafu nimwite nikiokota mayai. Nilipaka. Kuku walilala juu ya oili, wakashuka kwenye viota na miguu ile ile, na mayai yakatoka na madoa kama vile yametoka gereji. Sikumwita.

Niseme kuhusu mabanzi, maana kila kitu kinaanzia hapo. Gogo likiingia kwenye msumeno, kile kipande cha kwanza kinachokatwa pembeni, bapa upande mmoja na gome upande wa pili, ndiyo banzi. Ni rahisi, na ukimjua mtu kiwandani unapewa bure upakie mwenyewe. Nusu ya vyoo vyetu, uzio wetu na mabanda yetu, kuanzia Mafinga mpaka hapa, ni mabanzi. Nesi hakuyadharau. Alisema ni mbao ya mtu asiye na hela, na yeye alikuwa huyo mtu. Ila alikuwa anayamenya. Utamkuta amekaa kwenye kigoda, banzi limelala mapajani juu ya gunia, panga mkononi, anatoa gome kama mtu anayemenya ndizi mbichi. Banzi moja, la pili, siku nzima.

"Gome ni godoro la utitiri," alikuwa anasema. "Unamtandikia halafu unalalamika kaja kulala."

Mimi nilijenga la kwangu na magome yake yote, ndani na nje. Nilisema linapendeza, linafanana na nyumba za wageni wanazojenga huko mbugani. Na kwa sababu ya upepo wa mwezi wa saba niliziba kila upenyo, juu nikafunika turubai. Nilijivunia. Nilimwita aje aone, siyo anishauri, aone.

Alifika mlangoni, akaingia hatua mbili, akachuchumaa. Nikadhani ameona kitu chini.

"Chuchumaa," akaniambia.

"Sikuja kuchuchumaa kwangu mwenyewe."

"Wewe unanusa kwa kimo chako. Kuku ana kimo chake. Shuka huku aliko yeye."

Macho yake yalikuwa yameshaanza kutoa machozi kwa ule ukali wa mkojo wa kuku. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya kuku, kwani alitegemea marashi?

"Kuku hanuki," akasema, anainuka, ameshika magoti. "Anayenuka ni mwenye kuku."

Mke wangu alicheka mpaka akaketi. Nesi akanionyesha kwa fito: huku juu, chini ya bati, toa banzi moja mzunguko wote, weka wavu. Upepo upite juu ya vichwa vyao, usiwapige kifuani. Baridi haiwaui kuku, alisema, wanavaa manyoya yao. Kinachowaua ni kupumua kinyesi chao wenyewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, nikamsindikiza, nikarudi nikaongeza misumari kwenye turubai.

Usafi wake ulikuwa na utaratibu kama ibada. Kwanza kuku wote nje. Halafu anakwangua pakavu, hatii maji. Alichukia sana mtu anayeanza na maji. Alisema huyo hafanyi usafi, anapika uji. Baada ya kukwangua anafagia kuanzia darini kushuka ukutani, kushuka sakafuni, na fagio la njiti, huku amejifunga kitambaa puani. Ndipo maji ya moto na sabuni. Ndipo anafungua kila kitu, anakwenda kukaa, analiachia jua. Jua likimaliza ndiyo chokaa, na chokaa ikikauka ndiyo maranda mapya. Maranda, siyo lile vumbi la msumeno, maana vifaranga wanalila wanadhani ni chakula. Alikuwa anakuja kwangu na gunia kuchukua maranda chini ya randa, na hayo pia aliyanusa, asije akapewa ya mbao za dawa.

"Chokaa haioshi," alisema siku moja alipomkuta mama mmoja anapaka chokaa juu ya mavi yaliyoganda. "Hapo umepaka poda mtu asiyeoga."

Sasa mkidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila upande, hapana. Mwanamke yule aliyemkanyagisha mchungaji kwenye beseni alikuwa anavuta ugoro, na ugoro ulimwagika kila mahali: kifuani, kwenye kanga, kwenye kitabu cha nyimbo. Na alikuwa na kuku mmoja kipofu, mzee, hatagi, ambaye kwa sheria zake zote alipaswa kuwa mchuzi. Kuku huyo alilala jikoni, kwenye boksi la sabuni, karibu na mafiga. Nilipomuuliza mbona huyu hana beseni, alinikazia macho kama nimemtukana mama yake. "Huyu hatoki," akasema. "Anayetoka ndiye anayeleta."

Kuchinja hakuweza. Alimwita mke wangu, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa nyumba mpaka kelele ziishe. Lakini kula alikula, na alipenda shingo.

Kitu kimoja niliona na sikukielewa wakati ule. Mwaka ule alioanza kutumia chokaa, aliimwaga mbichi sakafuni, hakusubiri ipoe wala ikauke, akarudisha kuku jioni. Asubuhi walikuwa wanachechemea, nyayo zimeungua. Mtu mwingine angefunga mlango akanyamaza. Yeye alizunguka nyumba kwa nyumba amembeba jogoo mmoja kwapani, anaonyesha miguu. "Hii nimefanya mimi. Msifanye kama mimi. Mngoje ipoe." Nilimwona anapita uwanjani kwangu na jogoo wake, nikamwonea huruma, nikasema mama huyu hana akili, anatembeza aibu yake mtaani kama anauza.

Ndiyo maana akina mama wa usharika walimwamini. Walipochanga wanunue vifaranga, ili baadaye kila mjane apewe mitetea wawili wa kuanzia, hawakubishana wawaweke kwa nani. Kwa Nesi. Aliwalea kwenye banda dogo, nalo likiwa na beseni lake mlangoni, mpaka wakawa mitetea wanaoota upanga kichwani. Ilibaki chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaopinda kuku shingo na kumaliza banda zima. Wafugaji wanaijua: kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, na ukishakichanganya hakingoji kesho, kwa hiyo majirani wanapatana siku moja, wanachangia, wanachanja wote asubuhi moja. Nesi alipanga Jumamosi. Mimi nikasema Jumamosi hiyo niko Mafinga, tusogeze wiki mbili mbele. Akasogeza. Kwa ajili yangu.

Haya ninayoyaandika kuanzia hapa nimeshayasema kwa mdomo, Jumapili, nje ya kanisa, mbele ya akina mama wale wale. Sikuyasema kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nilitumwa, na aliyenituma mtamwona mwishoni.

Katika wiki ya kwanza ya kusubiri nilinunua kuku kumi barabarani. Gari lilisimama, jamaa anauza matenga mawili, bei nzuri. Wawili walikuwa wanasinzia. Nikasema ni uchovu wa safari. Nikawaingiza kwenye banda langu la magome na turubai. Siku ya tatu asubuhi nikakuta wanne wamelala chali, wengine shingo zimepinda, wanazunguka kama walevi. Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikawafukia, nikafikiri ni utitiri umewanyonya, maana utitiri nilikuwa nao mpaka kwenye nywele za mikono. Nikasema nahitaji bomba la kunyunyizia dawa. Bomba alikuwa nalo Nesi.

Nilikwenda na viatu vile vile. Nikapiga hodi, kimya. Alikuwa amekwenda bombani kuchota maji. Nikaliona bomba kupitia wavu: limening'inia kwenye msumari ndani ya banda la mitetea. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kukanyaga beseni. Nililiruka kama nilivyokuwa naliruka siku zote, nikaingia katikati ya mitetea, wakanipisha huku na huku, nikashusha bomba, nikaruka tena, nikaondoka.

Jioni akaja kwangu.

"Mzee wa Mbao, bomba unalo wewe?"

"Ninalo. Nilikukosa."

"Ulilikuta wapi?"

"Nje pale. Limeegemea ukuta."

Akatazama viatu vyangu. Akatazama muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotazama viatu. Akasema sawa, nikimaliza nirudishe. Akaondoka.

Jumanne iliyofuata mitetea walianza kusinzia. Ijumaa walibaki watatu, na usiku ule nao wakafa. Jumamosi ya chanjo hatukuwa na cha kuchanja kwake isipokuwa wale kuku wake wazima wa zamani, waliokuwa wamechanjwa tangu awali, na yule kipofu wa jikoni. Aliwachoma moto mitetea wote kwenye shimo, akamwaga chokaa, akafukia, peke yake. Hakumruhusu mtu kusaidia. Mke wangu alimpelekea chai, akairudisha haijanywewa.

Wajane walikuja wamevaa vizuri, wanajua ni siku ya kupewa. Hawakumtukana. Walisimama uwanjani wanatazama beseni. Halafu mmoja akasema, kwa sauti ya chini lakini tukasikia wote, "Kumbe ile chokaa ni urembo tu." Na mimi, badala ya kunyamaza, kwa kuwa mwongo haishii kusema uongo, lazima aupambe, nikasema jioni ile uwanjani kwangu mbele ya madereva na vijana: "Nesi akapake chokaa kanisani, labda huko itafanya kazi." Walicheka sana. Neno lile lilipanda mjini kabla ya malori. Wiki mbili baadaye nikimpita mtu yeyote Ipogolo anaweza kunirudishia kama ni la kwake.

Akina mama walitupa mabeseni. Mmoja nilimwona anafulia kwenye la kwake. Nesi aliendelea kukanyaga la kwake, kulia, kushoto, na nyayo nyeupe uwanjani zikawa za mtu mmoja tu. Watu hawakumwita tena kutazama mabanda yao. Hakuna aliyechuchumaa tena.

Aliendelea kunisalimu. "Kamwene, Mzee wa Mbao." Alileta mayai matano kwenye gazeti mke wangu alipougua. Sikuweza kuyala. Baadaye magoti yakamshinda, binti yake akaja na gari la kukodi akamchukua kwenda Mbeya, Uyole. Aliacha banda limekwanguliwa, limeoshwa, limepigwa chokaa, tupu. Sijui nani mwingine anasafisha banda analoliacha.

Mke wangu alikuwa anajua. Alikuwa ameniona nimerudi na bomba siku ile. Hakuuliza kitu, ila kila mwaka ikifika mwezi wa saba, upepo ukianza, alikuwa anasema kitu kimoja huku anapepeta mchele: "Mwanaume mzima unaogopa bibi mwenye beseni." Mwaka huu alisema, nikavaa koti, nikaenda stendi.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mafinga nikapita viwanda vya mbao, nikaona mabanzi yamerundikwa na magome yake, nikatazama upande mwingine. Makambako nikanunua ndizi nisizozila. Uyole kulikuwa na baridi ya ukungu, ile inayoingia kwenye mikono ya koti. Binti yake alinifungulia.

"Karibu baba. Mama yuko nyuma, kwa kuku."

Angekuwa wapi kwingine.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, sweta mbili, kitenge juu yake, amekuwa mdogo. Mikono tu ndiyo ilikuwa ile ile.

"Kamwene, Mzee wa Mbao."

"Kamwene, Nesi."

"Mimi nilikuwa napiga deki. Abee. Umezeeka."

"Na wewe hujabaki nyuma."

"Umeniletea nini? Usiniambie umekuja mikono mitupu kutoka Iringa."

Nikampa ugoro wa sokoni kwetu, umefungwa kwenye karatasi. Akaufungua, akanusa kwa mbali kwanza, kama mbao, ndipo akaweka puani. Akapiga chafya tatu, akafuta macho. "Wa huku wanasaga vumbi la barabara," akasema. "Huu ndio ugoro."

Nikaona nikisubiri chai sitasema.

"Nesi, lile bomba halikuwa nje."

"Najua."

"Lilikuwa ndani, kwenye msumari."

"Msumari niliupigilia mwenyewe, nisijue bomba langu linakaa wapi?"

"Na mimi niliingia nikitoka kwenye kuku wanaokufa. Nilifukia wanne asubuhi ile."

"Hilo la kufukia sikulijua," akasema taratibu. "La kuingia nilijua. Nilikuwa nimefagia. Nikarudi na ndoo kichwani nikakuta nyayo zimeingia na zimetoka, hazina chokaa hata chembe. Ipogolo nzima nani mwingine ana mguu mrefu kama jembe?"

Nilikaa chini. Siyo kwenye kiti, chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungekataa. Ungekataa au usingekataa?"

"Ningekataa."

"Basi. Kuku nilikuwa nimeshawakosa, sikutaka kumkosa na jirani." Akabana ugoro mwingine katikati ya vidole, hakuuvuta, akaushikilia. "Halafu nilikuwa nakusubiri. Nikasema atakuja wiki hii. Nikasema mwezi huu. Nikakuletea na mayai, nikasema labda akila atakuja. Mwisho nikahama."

Nikasema nisamehe, mama. Sijawahi kumwita mama kabla ya hapo.

"Kusamehe nilishasamehe siku nyingi, hiyo siyo kazi iliyobaki," akasema. "Iliyoniuma siyo mitetea. Ni lile neno lako la kanisa. Wale akina mama wametupa mabeseni, kuku wao wanakufa kila mwaka mpaka leo, wanapiga simu huku kwa binti yangu kutoa salamu, na hawaniulizi kitu. Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Nenda kawaambie wasiojua."

"Nitawaambia."

"Nje ya kanisa. Kwa sauti. Ile ile uliyotumia uwanjani kwako."

Nikakubali. Nilidhani amemaliza nami. Akanyoosha mkono, nikamwinua, akaniongoza mpaka kwenye banda lililokuwa nyuma yetu, ambalo nilikuwa bado sijalitazama sawasawa.

Lilikuwa la mabanzi. Na magome yake yote, ndani na nje.

"Mkwe wangu kajenga," akasema. "Mwalimu wa sekondari, kijana mzuri sana, mpole. Nilimwambia amenye. Akaniambia, mama, hivi inapendeza."

Nilicheka, naye akacheka, tukacheka mpaka binti akatoka kuangalia.

"Mimi magoti yangu yamegoma, panga siliwezi," akasema. "Una mikono?"

Nilivua koti. Nilikuwa nimepanga kurudi siku hiyo hiyo, nikalala siku mbili. Nilibandua mabanzi moja moja, nikakaa kwenye kigoda chake, gunia mapajani, nikamenya. Chini ya gome la kwanza utitiri ulimwagika kama ugoro mwekundu. Yeye alisimama pembeni na fimbo, ananisahihisha: usichimbe, telezesha, hapo kwenye kifundo rudia, magome yote motoni, usiyaache uwanjani. Maisha yangu yote nimekaa kwenye mbao, na banzi la kwanza kulimenya nimelimenya Uyole, kwa mwanga wa ukungu, nikiwa babu. Kile kipande cha juu, chini ya bati, sikukirudisha. Niliweka wavu bila kuambiwa. Aliona, akaugonga kwa fimbo kupima kama umekaza.

Siku ya pili alasiri ilibaki kazi ya ndani, kupanga fito za kulalia. Mlangoni palikuwa na dumu la maji lililokatwa nusu, gunia limelowa, chokaa. Nikashika fito begani. Nikakanyaga mguu wa kulia, vizuri, mpaka kwenye kisigino. Na wa kushoto, bwana, bila mimi kuutuma, ukaruka. Ulikuwa umeshazoea.

"Na huo mwingine," akasema Nesi nyuma yangu.

Nikarudi.